Mnunuzi Aliyekirimiwa Siku Tatu

Watu wa Matrah, mji wa bandari wa Waarabu, wakikwambia kuwa Majid bin Ishaq alikuwa dereva hodari, waamini. Landrova lake alilileta mwenyewe kutoka Dubai, mchanga na makorongo njia nzima, mke pembeni na vyombo nyuma, na hakuvunja hata kikombe. Lakini wakikwambia alikuwa mfanyabiashara, hapo cheka, tena cheka mpaka ushike mbavu. Mtu yule alikuwa hawezi kuhesabu pesa mbele ya anayempa. Si kwamba hesabu haijui, anaijua vizuri. Anaona haya.

Ndivyo alivyolelewa kwao Malindi, Unguja. Ukipewa pesa na muungwana unazipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unazitia mfukoni, mazungumzo yanaendelea. Kuzihesabu mbele ya uso wake ni sawa na kumwambia, "Wewe mwizi." Baba yake alikuwa hivyo, na babu yake pia, na wote wawili walikufa hawana kitu.

Haya hiyo ilimgharimu, na si pesa tu. Mwaka wa sitini na nne, siku zile za mtafaruku, Majid aliuza teksi yake kwa mtu aliyekuwa akimwita ndugu yangu. Akapewa bunda la noti limefungwa kwenye leso, uzi umezungushwa mara mbili. Akalitia mfukoni vivyo hivyo. Alikuja kulifungua bandarini, mbele ya karani wa tikiti, na katikati ya bunda akakuta magazeti yaliyokatwa kwa mkasi, yamelingana na noti vizuri sana. Pesa zilizobaki zilitosha tikiti mbili. Na wao walikuwa watatu: Majid, mkewe Hamdiya, na binti yao Shaikha, wa miaka tisa.

Majid hakuweza kubaki, maana watu wenye silaha walikuwa wameshapita mtaani mara mbili wakiliuliza jina lake. Basi mama yake Hamdiya, Bi Masouda, ndiye aliyekata shauri. "Mfuate mumeo," alimwambia bintiye. "Mtoto niachie mimi. Mwezi mmoja tu, mtatuletea nauli." Mwezi ukawa miaka sita. Walihangaika Dubai, wakahangaika Kuwait. Nauli ikikusanyika, ruhusa ya kusafiri haipatikani. Ruhusa ikipatikana, nauli imeshaliwa na maradhi. Na katika miaka yote hiyo Hamdiya hakumlaumu mumewe hata siku moja. Majid angependa alaumiwe. Kule kunyamaza kwa mkewe kulimuuma kuliko matusi.

Mwaka wa sabini, milango ya Matrah ilipofunguka kwa watu wa Unguja, wakaja, wakapanga vyumba viwili na ua nyuma ya soko. Mwezi wa Novemba ikaja barua. Bi Masouda ameshavuka na Shaikha mpaka Mombasa, vibali wamepata. Wakala wa meli hapo Matrah akawawekea nafasi mbili, lakini akasema maneno yake mara moja tu: pesa zifike mkononi mwake Jumamosi kabla ya adhuhuri. Zisipofika nafasi anazitoa kwa wengine, na kibali cha mtoto kinakwisha mwisho wa mwezi. Cha kuuza walikuwa nacho kimoja tu, nacho ni Landrova.

Alhamisi, watu wametoka msikitini adhuhuri, akaja Sleyum. Kanzu nyeupe pee, kilemba kimefungwa kifundi, udi unanukia kabla mwenyewe hajaingia. Na Kiswahili chake cha Unguja hasa.

"Yakhe Majid! Nimesikia kuna mtu wa Malindi anauza gari. Nikasema kama ni mtu wa Malindi, mimi kwengine siendi."

Basi Majid amekwisha. Wakakaa barazani, wakanywa kahawa, wakaitaja Forodhani, wakautaja urojo wa marehemu fulani, mpaka macho yakamlowa mwenyeji. Gari lenyewe Sleyum alilitazama kwa mbali. Hakufungua boneti. Hakuinama kuangalia chini. Majid akaona huo ndio ustaarabu, mgeni hataki kumdhalilisha kwa kumpekulia mali yake.

"Bei?"

"Riale mia nne," alisema Majid, akitazama chini, maana hata kutaja bei kwake ilikuwa tabu.

"Mia nne na ishirini! Hizo ishirini zawadi ya mtoto." Sleyum akatoa kitabu cha cheki kifuani, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza, akachana. "Benki imeshafungwa leo, na kesho Ijumaa. Jumamosi asubuhi utakwenda, utazikuta pesa zinakungoja. Nipe ufunguo na karatasi za gari, ndugu yangu. Kesho nna harusi ya dada yangu kule Ibra, na njia ndefu."

Majid alikwisha kuipokea cheki. Kwa mikono miwili, bila shaka. Mkono wa kulia ulikuwa unaelekea mfukoni kwenye ufunguo, ikasikika sauti kutoka nyuma ya pazia.

"Baba Shaikha, njoo mara moja."

Ndani, Hamdiya alikuwa amesimama na upawa mkononi. Mwanamke mfupi, mwembamba, na sauti yake haijapata kuvuka ukuta wa jirani.

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni."

"Nipe. Na karatasi za gari."

"Hamdiya, mtu wa watu yule. Wa kwetu."

"Sijasema si wa kwetu. Nipe."

Majid akampa. Karatasi Hamdiya akazitia kifuani. Ufunguo akaudumbukiza kwenye mtungi wa achari ya ndimu, akafunika mtungi kwa kitambaa, akafunga.

"Sasa akikuuliza, usiseme uongo. Mwambie ufunguo anao mke wangu."

"Utanitia aibu mbele ya mgeni!"

"Heri lawama kuliko fedheha, mume wangu. Na lawama nitazibeba mimi."

Akalisogelea pazia, akajitanda vizuri, akasema na mgeni kwa adabu ambayo hata kadhi asingeitoa kasoro.

"Bwana Sleyum, karibu sana. Tangu tuingie nyumba hii hatujapata mgeni wa Unguja. Na mimi nna nadhiri yangu: wa kwanza atakayekuja atakaa kwangu siku tatu, kama ilivyo ada. Leo, kesho na Jumamosi. Usinivunjie nadhiri, ndugu yangu."

Nadhiri hiyo Majid alikuwa haijui. Na mimi nakwambia, nadhani Hamdiya mwenyewe aliijua papo hapo, alipofungua mdomo. Lakini nadhiri ni nadhiri.

"Dada, harusi..." alisema Sleyum.

"Harusini nenda, bwana. Nani anamfunga mgeni? Cheki yako chukua, uende nayo. Gari lipo. Ukirudi Jumamosi utalikuta limeoshwa."

Sleyum akakohoa, akaitengeneza kofia chini ya kilemba, mwisho akacheka. "Ah! Harusi haitanikimbia. Wali wa kwetu sijaula siku nyingi."

Majid kidogo alishangaa kuwa harusi ya dada imeahirishwa upesi hivyo kwa ajili ya wali. Halafu akajionea haya kwa kumfikiria mgeni vibaya, akaenda kumtandikia mkeka.

Na alikirimiwa, wallahi alikirimiwa! Majid hakuwa amemuona mkewe akipika vile tangu watoke Unguja. Nazi alizipata wapi, Mungu anajua. Wali wa nazi na mchuzi wa papa, mkate wa kumimina, kaimati, sambusa, na asubuhi maandazi ya iliki na chai ya maziwa. Mto laini kuliko wote ndani ya nyumba akapewa mgeni. Kanzu yake ikafuliwa, ikapigwa pasi, ikafukizwa udi. Kila Sleyum akisema "sasa nadhani," sahani nyengine inatoka nyuma ya pazia. Unafikiri atainuka vipi mtu amekaa mbele ya kaimati za moto?

Ijumaa asubuhi, juu ya kahawa, Sleyum akamwinamia Majid.

"Yakhe, niulize? Usikasirike. Gari hili la nani? Lako au la mkeo?"

Lilimchoma Majid hilo, lilimchoma kweli. Akainuka, akaingia jikoni, masikio yanamuwaka moto.

"Hamdiya! Nataka ufunguo. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii. Cheki nnayo, mtu ameshalipa!"

Hamdiya alikuwa anakanda unga. Hakuinua hata kichwa. "Uko mtungini, baba Shaikha. Fungua, tia mkono."

Majid akauvuta mtungi. Akashika uzi aufungue. Uzi umezungushwa mara mbili. Akakitazama kile kitambaa cha kufunikia: leso ya mwanamume, pindo la buluu, imechakaa kwa kufuliwa. Akaijua. Ilikuwa ile ile aliyopewa mwaka wa sitini na nne, na uzi ule ule. Miaka sita mkewe alikuwa nayo, Dubai, Kuwait, mpaka hapa, na hakumtajia.

Akasimama na mtungi mikononi. Akilini alimuona mtoto wa miaka tisa amesimama gatini na bibi yake, ameshika kikapu cha nguo zake, anauliza kwa nini yeye haingii melini.

Hamdiya akaendelea kukanda. Majid akauweka mtungi chini pole pole, akatoka barazani, akakaa.

"Ufunguo," alimwambia mgeni, "anao mke wangu." Na ajabu, maneno yalitoka mepesi.

Sleyum si mtu wa kushindwa mara moja. Alasiri akaja na jengine. "Basi angalau nilijaribu gari. Au na hilo haramu?"

"Haki yake," ilijibu sauti nyuma ya pazia. "Mnunuzi lazima ajaribu gari. Ngojeni nivae buibui."

Akatoka na ufunguo umeoshwa, na chupa ya chai, na vikombe, na jirani yake Bakhita, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuvunja vigae. Wakapanda nyuma wote wawili, wakajikalia. "Twende Hail," alisema Hamdiya. "Tangu tuje hatujapunga upepo wa pwani."

Mwendo wa saa nzima na ushei. Sleyum kwenye usukani, Majid pembeni yake, akijitahidi asiseme kitu kila gea zinapolia. Walipofika Hail, kwenye mchanga mgumu karibu na maji, Sleyum akasimamisha, injini inanguruma.

"Yakhe, hebu shuka uniangalizie gurudumu la nyuma. Nasikia mlio."

Majid akashuka. Dereva akiambiwa kuna mlio atashuka tu, hata kama nyumba inaungua. Hajafika kwenye gurudumu, gari likaondoka. Gea ya kwanza. Gea ya pili. Majid akabaki na mchanga machoni. Akakimbia, kanzu imeshikwa juu ya magoti, mtu wa miaka hamsini.

Hatua kama sitini hivi, gari likasimama.

Alipolifikia, anahema, alimkuta Sleyum ameganda na mikono kwenye usukani, na nyuma yake Hamdiya amenyoosha kikombe. "Bwana Sleyum, chai inamwagika. Mngoje mwenyewe basi." Bakhita alikuwa anacheka mpaka gari linatikisika. Gari unaweza kulichukua, bwana, lakini wake za watu wawili na chupa ya chai utawapeleka wapi? Utawauza?

"Nilikuwa nasikiliza injini," alisema Sleyum, hana damu usoni.

Majid akakunja ngumi. Mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kumpiga mtu aliyekula kwake. Akakutana na macho ya Hamdiya juu ya ushungi, na macho yale yalisema neno moja: mgeni. Akaikunjua ngumi, akapokea kikombe cha chai. Hapo ndipo alipofahamu kuwa siku mbili hizi mkewe hakuwa akipika tu.

Wakati wanakunywa, akaja mtu wa Hail, Marhoon, muuza papa mkavu, miguu ina chumvi mpaka magotini. Akasalimia, akalizunguka gari. Akafungua boneti bila kuomba ruhusa. Akalala chali mchangani, akaingia chini, akatoka ndevu zimejaa mchanga. "Springi ya kushoto imechoka," alisema kwa Kiarabu. "Mengine mazima. Linauzwa?"

"Lishauzwa," alisema Sleyum upesi.

"Halijauzwa," alisema Hamdiya, na Kiarabu chake kilikuwa kimenyooka. "Lina mgeni, na mgeni ana haki yake kwanza. Lakini wewe Jumamosi asubuhi, benki ikifunguliwa, kaa mlangoni na pesa zako taslimu. Sikuahidi kitu. Huenda ukarudi na kikombe cha kahawa tu."

Marhoon akakuna kichwa. "Mia tatu na themanini nnazo. Zaidi sina."

"Sikuahidi kitu," alirudia Hamdiya. Kurudi Matrah, Majid ndiye aliyeshika usukani, na ufunguo ukarudi mtungini.

Nafikiri unajiuliza kwa nini Sleyum hakutoroka usiku ule. Tapeli naye ana tamaa yake, ndugu yangu. Hakuna aliyemwita mwizi, mto bado laini, na mwenye nyumba alikuwa kimya. Alidhani Majid bado ni yule yule wa Alhamisi. Akalala mpaka jua likachomoza.

Jumamosi Hamdiya akamwandalia chai, mkate na mayai. Alipomaliza kula, akanawa, akafuta midomo, sauti ikatoka nyuma ya pazia kwa upole ule ule.

"Bwana Sleyum, wewe mtu wa Unguja, wajua wanavyosema. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ndiyo siku ya tatu. Jembe lako jepesi sana: utafuatana nasi benki. Cheki ikishalipwa, ufunguo wako, karatasi zako, na kikapu cha kaimati za njiani."

Sleyum akacheka kicheko kifupi. "Twendeni," alisema. Wakatoka, wanaume mbele, Hamdiya nyuma kidogo. Walipofika mdomo wa soko Sleyum akajipapasa mifuko. "Tumbaku imeniishia. Tangulieni, nakuja." Akaingia kichochoro cha wauza vitambaa, kilemba kikaonekana mara moja kati ya watu, halafu hakikuonekana tena.

Majid alisimama akamngoja. Wacha nikwambie, alisimama kweli! Hata baada ya Hail, moyo wake bado ulitaka kumuona yule mtu anarudi na tumbaku yake. Hamdiya akamgusa kiwiko.

"Twende, baba Shaikha. Jembe limemshinda."

Benki, karani akaitazama cheki upande mmoja, akaigeuza, akawatazama wao. Kijana mpole. "Hesabu hii imefungwa zamani," alisema. "Na hii ni cheki ya tatu naletewa mwezi huu. Wawili waliotangulia gari zao zilikwisha kwenda. Lenu liko wapi?"

"Uani kwetu," alijibu Majid. Akashika ukingo wa meza. Saa ya ukutani inasema saa tatu na nusu. Akilini aliwaona wale watu wawili wengine wametoa funguo kwa mikono miwili, pengine na wao juu ya kahawa. Angekuwa yeye wa tatu. Mtoto wake angekosa meli mara ya pili, kwa kosa lile lile, la baba yule yule. Akageuka kumtazama mkewe, na kama si watu waliojaa mle ndani angemuangukia miguuni.

Hamdiya yeye alikuwa anatazama mlangoni. Pale nje, kwenye ngazi, ameketi Marhoon na mfuko wa turubai mapajani, na watu wamemwachia nafasi kubwa kwa harufu ya papa.

"Kahawa au gari?" aliuliza Marhoon.

"Gari," alisema Hamdiya.

Wakaingia ndani, mbele ya karani. Bei mia tatu na themanini, kama alivyosema mwenyewe. Marhoon akampa Majid ule mfuko. Majid akaupokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa. Akasema ahsante. Kisha akasimama tu.

Hamdiya alitazama sakafu. Angeweza kusema, "Hesabu." Angeweza kuuchukua ule mfuko akahesabu mwenyewe, tena angehesabu upesi kuliko karani. Hakufanya. Alimwachia mumewe hilo moja alifanye mwenyewe, na Majid alilijua, na jasho lilimtoka.

Akaufungua mfuko. Akazimwaga noti juu ya meza, mbele ya aliyempa, mbele ya karani, mbele ya watu wote waliokuwa wamepanga mstari. Uso wote unamuwaka. "Kumi," alisema. "Ishirini. Thalathini." Alipofika mia sauti ilikuwa imeshatulia. Alipofika mia mbili alikuwa anahesabu kama mtu anayesoma Qur'ani, kwa sauti, kituo kwa kituo. "Mia tatu na sabini. Mia tatu na themanini." Mkononi ikabaki noti moja.

Akazirudia zote. Ikabaki tena. Noti mbili zilikuwa zimeshikana kwa chumvi ya samaki, na Marhoon alizihesabu moja.

"Hii yako," alisema Majid, akamrudishia riale kumi.

Marhoon akaikodolea macho, akaishika, akaibusu. "Allah akupe umri! Nilizihesabu kwa taa jana, macho yenyewe haya. Kumi hizi chakula cha watoto wangu mwezi mzima." Wala hakuonyesha kuudhika hata chembe kwamba kahesabiwa mbele ya watu. Alifurahi, akampa Majid mkono, akaushika muda mrefu.

Majid akabaki na mkono huo mkononi. Miaka hamsini alidhani anayehesabu anamtukana mwenzake. Leo, angeona haya kama kawaida yake, angeondoka na chakula cha watoto wa mtu mfukoni, na angejiita muungwana. Alisikitika, akafurahi, vyote pamoja.

Hapo ndipo Hamdiya alipotoa ufunguo. Ulikuwa umefungwa kwenye ile leso, bado unanuka ndimu. Akaufuta vizuri, akampa Marhoon, kisha karatasi za gari moja moja, kila moja akimwambia ni ya nini. Leso yenyewe akaikunja. Walipotoka nje akaitumbukiza kwenye pipa la takataka la benki, akaenda zake wala hakugeuka.

Kwa wakala wa meli walifika adhana ya adhuhuri bado. Majid akamhesabia pesa zake.

"Mzee, huniamini?" alitania wakala.

"Nakuamini," alisema Majid. "Arobaini. Hamsini. Usinipoteze."

Mwezi wa Disemba, asubuhi ya upepo, walisimama gatini Matrah kati ya watu wengi, wakingojea mashua za kuleta abiria kutoka kwenye meli iliyotia nanga mbali. Majid, dereva wa macho makali, hakuona kitu, machozi yalikuwa yamemtangulia. Aliona mabuibui meusi tu. Alimtafuta mtoto wa miaka tisa mwenye kikapu, na mtoto huyo hakuwamo kwenye mashua iliyokuja. Mlikuwa na msichana mrefu, amemshika mkono bibi kizee, anawatazama watu wa nchi kavu mmoja mmoja kwa wasiwasi.

Kando yake akasikia mkewe ananong'ona. Akainama amsikilize.

"Mmoja," alisema Hamdiya. "Wawili." Halafu akaanza upya, kama asiyeamini. "Mmoja. Wawili."

Majid akamshika mkono, mbele ya watu, yeye mtu wa haya.

"Hesabu tena, mama Shaikha," alimwambia. "Hesabu kwa sauti."